Chupa Inayongoja Miaka Saba

Kosa langu la kwanza mbele ya chupa ya Château Musar, mvinyo wa Lebanon, lilikuwa kuitikisa. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nipate kazi ya kuhudumu katika mkahawa mmoja wa London, na meneja alinituma ghalani kuchukua chupa ambayo mgeni wa meza ya dirishani alikuwa ameiagiza. Niliibeba kwa shingo kama mtu anavyobeba chupa ya soda, nikapanda nayo ngazi mbilimbili, nikaifungua na kumimina glasi nne bila kupumzisha mkono, na glasi ya nne ikajaa kitu kizito cheusi kama machicha ya kahawa. Mgeni, mzee mmoja mwenye fimbo, hakupandisha sauti. Aliinyanyua ile glasi kwenye mwanga wa mshumaa, akaniambia kwa upole kwamba chupa ya namna hii husimamishwa wima tangu asubuhi, na kwamba mashapo niliyommiminia yalikuwa yamelala kwa amani miaka mingi kabla sijayaamsha. Nilipomweleza meneja yaliyotokea, alinijibu kwa neno moja tu: hawachuji.

Neno hilo, yaani kwamba wanaoutengeneza mvinyo huu hawauchuji, lilinikaa kichwani. Nimekulia Dodoma, mahali ambapo zabibu huuzwa kando ya barabara kwenye ndoo na mabakuli, na ambapo mzabibu haupati majira ya baridi ya kuulaza, hivyo mkulima huupogoa mwenyewe ili uzae na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa sababu hiyo nilijiona mtu anayefahamu mambo ya mvinyo. Kumbe nilifahamu zabibu. Mvinyo nilikuwa siujui. Uingereza imekuwa soko kubwa la kiwanda hiki cha Lebanon kwa miongo mingi, kwa hiyo katika miaka sita niliyofanya kazi ile chupa zake zilipita mikononi mwangu mara kwa mara, nami nikajikuta nasoma, nauliza na kuonja kwa bidii ambayo sikuwahi kuwa nayo darasani. Ninayoyaandika hapa yametokana na miaka hiyo, pamoja na mashaka yangu juu ya namna habari za Musar zinavyosimuliwa, kwa maana karibu kila anayezisimulia huanza na mabomu.

Hazikuanza na mabomu. Zilianza mwaka 1930, Lebanon ikiwa bado chini ya mamlaka ya Ufaransa, wakati kijana wa miaka 20 aitwaye Gaston Hochar alipoanzisha kiwanda cha mvinyo katika ngome ya karne ya 18 huko Ghazir, mji ulioko mlimani kaskazini mwa Beirut, unaoitazama bahari ya Mediterania. Ngome hiyo iliitwa Mzar, na jina la Musar limetoka humo. Sikio la Mswahili halichelewi kutambua katika Mzar mzizi ule ule wa Kiarabu uliotupa kuzuru na ziara, na ukiliweka jina hilo kando ya neno Château unapata jina ambalo nusu yake ni Kifaransa na nusu Kiarabu. Hilo halipaswi kutushangaza sisi ambao mvinyo wenyewe tumeuita kwa neno la Wareno, na tunda linaloutengeneza kwa neno la Waarabu, ambao kwao zabib ni zabibu iliyokwisha kukauka.

Gaston alikuwa ameona Bordeaux, eneo la Ufaransa linalosifika kwa mvinyo, na wateja wake wa mwanzo walikuwemo maofisa wa Kifaransa waliotaka kunywa walichokunywa kwao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alifahamiana na Ronald Barton, mmiliki wa mashamba ya mizabibu ya Langoa-Barton na Léoville-Barton huko Saint-Julien, Bordeaux, aliyekuwa amepelekwa Lebanon kijeshi. Urafiki wao ulikuwa wa kweli kiasi kwamba mtoto wa pili wa Gaston aliitwa Ronald. Nautaja urafiki huu kwa sababu unaonyesha kiwanda kilikokuwa kikitazama katika miaka yake 30 ya kwanza: kipimo cha ubora kilikuwa Bordeaux, na mafanikio yalimaanisha kuikaribia.

Lakini zabibu hazikutoka Ghazir. Zilitoka, na hadi leo zinatoka, katika Bonde la Bekaa, uwanda wa juu ulioko kati ya milima ya Lebanon na ile inayopakana na Syria, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi jua halifichiki, usiku hewa hupoa, na majira ya baridi theluji hufunika milima pande zote mbili, ikayeyuka na kuinywesha ardhi ya changarawe iliyolalia mawe ya chokaa. Watu wamelima mizabibu huko tangu kale. Warumi waliacha Baalbek, katika bonde hilo hilo, hekalu kubwa linalohusishwa na Bacchus, mungu wao wa mvinyo, na Wajesuiti walianzisha kiwanda cha Ksara mwaka 1857. Mtu mwenye akili za kawaida angejenga kiwanda hapo hapo shambani. Sababu inayotajwa ya Gaston kutofanya hivyo ni kwamba siku zile haikuwa dhahiri kama Bekaa ingebaki Lebanon au ingeingia Syria, naye hakutaka siku moja aamke akute mapipa yake yako nchi nyingine. Alipokwepa mpaka mmoja akajikabidhi kwa barabara: kila msimu wa mavuno zabibu zilizochumwa kwa mikono na wavunaji wa Kibedui zilipaswa kupakiwa kwenye malori, kuvuka mlima na kuteremka hadi upande wa bahari kabla hazijaharibika. Katika amani hiyo ni safari ya saa chache. Uamuzi wa mwaka 1930 ulikuja kudai gharama yake miaka 45 baadaye, na nitafika huko.

Mtu aliyeubadilisha mvinyo wa Musar ni Serge, mtoto wa kwanza wa Gaston, aliyezaliwa mwaka 1939. Alianza na masomo ya uhandisi, kisha akaenda Bordeaux kusomea utengenezaji wa mvinyo kwa walimu wawili ambao hakuna anayeusomea ufundi huu bila kukutana na majina yao, Jean Ribéreau-Gayon na Émile Peynaud. Mwaka 1959, akielekea kutimiza miaka 20, alimwendea baba yake na kudai kwamba kazi ya kutengeneza mvinyo aachiwe yeye, aifanye kwa namna yake, na mzee akae pembeni. Familia imekuwa ikikisimulia kisa hiki kwa kicheko. Mimi nikikisikia humfikiria Gaston, maana kwetu kijana wa umri huo anayemwambia baba yake maneno ya aina hiyo hawezi kuketi mezani jioni ile. Gaston aliketi pembeni.

Alichokuja kukifanya Serge ni kinyume cha kile ambacho ungekitegemea kwa kijana aliyetoka kwenye chuo bora kuliko vyote. Sayansi ya Peynaud ilikuwa ya udhibiti: kujua chachu iliyomo, kupima asidi, kusafisha, kuchuja, kuzuia bahati isiingie chumbani. Serge aliijua sayansi hiyo kikamilifu, na polepole, mavuno baada ya mavuno, akaanza kuacha kuitumia pale ambapo aliona inamnyang'anya kitu. Aliacha chachu iliyokuja na zabibu yenyewe kutoka shambani ichachushe maji yake bila kuongezewa ya kununuliwa. Salfa, ambayo watengenezaji wengi huitumia kama dawa ya kila ugonjwa, aliipunguza hadi kiasi kidogo sana. Na hakuchuja. Sidhani kwamba mtu asiyejua sheria angeweza kuzivunja kwa namna hiyo. Asiyejua angepata siki tupu.

Zabibu nyekundu za Musar ni tatu: Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan. Mara nyingi zimeelezwa kwa mfano wa mwili, kwamba Cabernet ni mifupa, Carignan ni nyama na Cinsault ni ngozi laini, na baada ya kuonja miaka tofauti nimeuona mfano huo kuwa sahihi kuliko mifano mingi ya wauza mvinyo. Kila aina huchachushwa peke yake katika matangi ya saruji. Baadaye huhamishiwa kwenye mapipa ya mwaloni wa Kifaransa, wa Nevers, kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha huchanganywa na kurudishwa kwenye saruji. Mwaka wa tatu mvinyo hutiwa kwenye chupa, na chupa hulazwa katika ghala lililochimbwa mlimani. Haitoki hapo mpaka mwaka wa saba tangu mavuno.

Mchanganyiko haukuwahi kuwa na kanuni moja. Kuna miaka ambayo Cabernet ndiyo inayoshika usukani, na mvinyo ukanyooka, ukawa na ukakasi unaokausha ulimi kama chai iliyokaa sana kwenye birika, ukahitaji muongo mzima wa kutulia. Kuna miaka ya Cinsault, ambapo rangi hufifia mapema kuelekea rangi ya tofali na harufu huwa ya maua makavu na matunda mekundu. Carignan huleta joto na uzito. Serge hakuona haja ya kusawazisha tofauti hizo ili mnunuzi apate kitu kilekile kila mwaka, na hapa ndipo alipoachana moja kwa moja na biashara ya kisasa ya vinywaji, ambayo msingi wake ni kwamba chupa ya leo isimshangaze aliyekunywa ya jana. Kwa maelezo ya nyumba yenyewe, ilimchukua hadi mwaka 1977 kufika kwenye namna ya kuutengeneza mvinyo mwekundu aliyoridhika nayo. Ukiutazama mwaka huo utaona kwamba kati ya miaka 18 ya kutafuta, 16 ilikuwa ya amani.

Narudia jambo hili kwa sababu ndilo ninalotofautiana nalo na wasimuliaji wengi. Wanasema Musar ina ladha ya vita. Ukali wake, ukorofi wake, ile harufu ya ngozi na ya zizi inayomshtua mtu kwenye glasi ya kwanza, vyote hutafsiriwa kama alama ya nchi iliyokuwa inaungua. Ni maelezo mazuri ya kuuzia, na nakiri nimeyatumia mezani mwenyewe siku ambazo nilihitaji bakshishi. Lakini harufu hizo zina maelezo ya ghalani. Chachu za porini, zikiachwa zifanye kazi bila salfa nyingi ya kuzizuia, huacha harufu ya ngozi na ya farasi. Asidi inayotokana na uchachushaji wa aina hiyo hukaribia mpaka wa siki, na ikikaa hapo bila kuvuka huunyanyua mvinyo, ikavuka huuangusha. Uamuzi wa kukaa karibu na mpaka huo ulifanywa na mtu mwenye shahada, kwa kukusudia, wakati Beirut ilikuwa bado mji wa benki na hoteli za pwani.

Hata hivyo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuja, mwaka 1975, vikaendelea hadi 1990, na siwezi kuvipita bila kusema vilichokifanya. Barabara ya Bekaa ikawa na vizuizi vya makundi mbalimbali, na safari ya saa chache ikawa kitu kisichokadirika. Mwaka 1976 hakukuwa na mavuno ya Musar kabisa. Mwaka 1984 zabibu zilichumwa lakini malori yalikwama njiani kwa siku kadhaa kwenye jua, na shehena iliyofika Ghazir ilikuwa imekwisha kuanza kuchachuka yenyewe ndani ya malori. Mvinyo wa mwaka huo haukupelekwa sokoni kama wa miaka mingine. Katika miaka 15 ni hiyo miwili tu iliyopotea. Ghala lile la mlimani, lililojengwa kulinda chupa dhidi ya joto, lilitumika pia kuwahifadhi watu makombora yalipokuwa yakianguka. Inasimuliwa pia kwamba Serge, usiku mmoja wa mashambulizi mjini Beirut, alikataa kuteremka kwenye kimbilio, akafungua chupa ya 1972 na kuinywa kwa funda ndogondogo kwa saa nyingi, akiangalia inavyobadilika. Nimewahi kumhadithia kisa hiki mfanyakazi mwenzangu wa Zanzibar, ambaye kileo hakigusi, naye akasema kwamba kwake kisa hicho kinahusu subira, chupa ni kisingizio tu. Kila nikikumbuka jibu lake naona alikielewa kuliko mimi.

Vita vilichokibadilisha hasa ni mnywaji. Kabla ya 1975 sehemu kubwa sana ya mvinyo wa Musar ilinywewa Lebanon kwenyewe. Wateja hao walitawanyika au waliishiwa, na kiwanda kikalazimika kutafuta wengine ng'ambo. Mwaka 1979 Serge alipeleka chupa zake kwenye maonyesho ya mvinyo ya Bristol, na Michael Broadbent, mtaalamu wa mvinyo wa nyumba ya mnada ya Christie's, ambaye neno lake lilikuwa na uzito mkubwa Uingereza, alionja Musar ya 1967 na kuitangaza kuwa ndiyo ugunduzi wa maonyesho yale. Mwaka 1984, mwaka ule ule ambao zabibu zilichachukia njiani, jarida la Decanter lilianzisha tuzo yake ya mtu wa mwaka na kumpa Serge Hochar, akawa wa kwanza kuipokea. Broadbent alisifu mvinyo wa 1967, yaani zabibu zilizovunwa miaka minane kabla ya risasi ya kwanza. Waingereza walikuja kwa ajili ya mvinyo wa amani, wakabaki na habari za vita.

Kukaa na chupa miaka saba kuna maana nyingine ambayo sikuielewa mpaka nilipoanza kufikiri kama mtu wa hesabu. Mwaka wowote ule Musar inauza kitu kilichovunwa miaka saba nyuma, na chini ya mlima kuna mavuno ya miaka mingine sita yanayongoja, bila kuhesabu chupa za zamani zilizowekwa akiba tangu miaka ya 1950. Kwa mhasibu yeyote huo ni mtaji uliolala. Katika nchi ambayo mwaka 2019 benki zake ziliwafungia watu akiba zao na sarafu yake ikaporomoka, ghala lenye chupa zinazouzwa London kwa pauni lilikuwa mahali salama kuliko benki. Hakuna aliyelipanga hivyo. Lakini mwaka mmoja wa mavuno ukikosekana, mnunuzi wa ng'ambo haoni pengo hadi miaka saba ipite, na hilo linaeleza kwa kiasi fulani jinsi kiwanda kilivyopita vitani bila kutoweka sokoni.

Je, mtindo umebadilika? Nimeulizwa swali hili mara nyingi, na watu wa nyumba hiyo hupenda kujibu kwamba hakuna kilichobadilika. Kwa kinywa changu kuna nyakati kama tatu, ingawa mipaka yake haina ukuta. Chupa mbili za miaka ya 1960 nilizobahatika kuzionja, kwa ukarimu wa mteja aliyekuwa akisherehekea kustaafu, zilikuwa na unyoofu wa Bordeaux ya zamani, na kama zingefichwa majina ningelitaja jina la kijiji cha Kifaransa bila aibu. Za miaka ya 1980 na 1990 ndizo zenye sifa na lawama zote: ya 1995 ninayoikumbuka ilinukia tandiko la farasi, karafuu, tini kavu na kitu kama gundi ya seremala, vyote kwa pamoja, na baada ya saa mbili ndani ya jagi ikawa imetulia kiasi kwamba wageni wawili walioikunjia pua mwanzoni waligombania mabaki. Na za kuanzia miaka ya 2000 nazionja zikiwa safi zaidi, tunda likisikika mbele, zizi likiwa mbali, kama nyumba ileile iliyofunguliwa madirisha. Tarek Sakr amekuwa mtengenezaji mvinyo hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nadhani mkono wake unasikika katika usafi huo, ingawa misingi ya Serge ya chachu asilia na kutochuja haikuguswa.

Wapo wataalamu ambao hawajawahi kuisamehe Musar. Kwao kasoro ni kasoro, hata iwe na hadithi nzuri kiasi gani, na chupa mbili za mwaka mmoja zinazotofautiana ni ushahidi wa uzembe. Siwadharau. Mtu aliyelipa fedha nyingi ana haki ya kutarajia anachokitarajia, na nimewaona wateja ambao hawakuipenda na hawakuwa wajinga. Ninachowapinga ni kule kudhani kwamba mvinyo usio na kasoro ndiyo lengo la kila anayetengeneza mvinyo. Fundi wa jahazi na fundi wa boti ya plastiki wote wanajenga chombo kisichozama, lakini huwezi kumlaumu yule wa kwanza kwa kuwa mbao zake hazilingani rangi.

Kisha ukafika wakati ambapo wasiotaka kasoro wakazidiwa na wanaozitafuta. Katika miaka ya 2000 mikahawa ya Paris na London ilianza kujaza orodha zake kwa mvinyo wa asili, uliotengenezwa bila chachu ya kununuliwa, bila kuchujwa na kwa salfa kidogo au bila salfa kabisa, na vijana wenye ndevu nzuri wakaanza kunieleza mambo haya kama uvumbuzi. Musar ilipata hati ya kilimo hai kwa mashamba yake mwaka 2006, ya kwanza Lebanon, mwaka ambao pia Lebanon ilikuwa na siku 34 za vita na Israel katikati ya kiangazi, wakati zabibu zikiiva. Kizazi kipya kiliichukua Musar kama babu yao. Babu mwenyewe, kwa namna nilivyosoma mahojiano yake, alionekana kuburudika tu.

Sijasema chochote kuhusu mvinyo mweupe, na ni kosa, kwa sababu ndio ninaoupenda zaidi. Unatengenezwa kwa zabibu mbili za kwao wenyewe, Obaideh na Merwah, kutoka mizabibu ya zamani inayokua kama vichaka kwenye miteremko ya juu, mingine ikiwa juu ya mita 1,200, na iliyopandwa kwa mizizi yake yenyewe bila kupandikizwa juu ya shina la kigeni kama inavyofanywa karibu kote Ulaya. Obaideh ni zabibu ambayo Walebanoni wengi wanaifahamu kwa sababu nyingine: hutumika kutengeneza araki. Kwa miaka mingi viwanda vingine vya Lebanon viliona aibu kuziweka zabibu hizi kwenye chupa ya heshima, vikapanda Chardonnay na Sauvignon Blanc kama kila mtu. Musar iliendelea nazo. Rangi yake ikizeeka huwa ya asali, na mdomoni una nta, njugu zilizokaangwa, ganda la chungwa na chumvi kidogo isiyo na mahali pa kutokea. Serge aliupenda kiasi cha kusisitiza unywewe baada ya mwekundu, na usiwe na baridi ya jokofu. Mara ya kwanza nilipompelekea mgeni mvinyo mweupe baada ya nyama, bila ndoo ya barafu, meneja aliniangalia kama niliyepoteza fahamu. Alipouonja hakuniuliza tena.

Siku hizi zipo chupa za bei nafuu zaidi kutoka nyumba hiyo, Hochar Père et Fils inayotoka katika shamba moja, na Musar Jeune isiyopita kwenye pipa, inayonywewa mapema. Ni nzuri kwa chakula cha jioni cha kawaida. Sina la ziada juu yake.

Serge Hochar alifariki tarehe 31 Desemba 2014 huko Acapulco, Mexico, alipokuwa akiogelea baharini, akiwa na umri wa miaka 75. Kazi inaendelea mikononi mwa watoto wake na mpwa wake. Mimi wakati huo nilikuwa bado naenda ghalani kila jioni, na ilinichukua siku kadhaa kutambua jambo lililokuwa wazi kwenye rafu: chupa zilizokuwa zikiuzwa mwaka ule zilikuwa za mavuno ya miaka saba nyuma, na mavuno yake yote ya baadaye yalikuwa bado chini ya mlima. Kwa hesabu hiyo aliendelea kuleta mvinyo mpya sokoni kila mwaka hadi 2021, ilipofika zamu ya 2014, mavuno yake ya mwisho. Ya 2015, ambayo hakuigusa, ilifuata.

Niliacha kazi ya mkahawa kabla ya hapo, lakini nilinunua moja ya kila mwaka kati ya hiyo miwili. Ya 2014 niliisimamisha wima tangu asubuhi, nikaifungua jioni nikiwa na yule mwenzangu wa Zanzibar, yeye na chai yake ya tangawizi, na nikaimimina polepole sana hadi mashapo yalipokaribia shingo ya chupa, nikaacha. Ya 2015 imelala ubavu chini ya kitanda changu, upande wa ukutani ambako hakupati joto.